Hajati Hajarah na Barua ya Likizo

Kiwandani wanamwita Hajati, ingawa Maka hajafika. Jina hilo alipewa na watu wa zamu ya kwanza wiki ile aliyoingia, akaona kulikataa ni kuwasumbua bure. Jina lake hasa ni Hajarah, binti wa mzee Umaru wa Walukuba kule Jinja, na kwangu ni shangazi, dada ya baba. Ndiye mkuu wa wafanyakazi katika kiwanda cha sabuni hapa Mbale, upande wa viwanda. Watu mia mbili na arobaini: kuajiriwa kwao, zamu zao, homa zao, ugomvi wao na misiba yao, yote yanapita mezani kwake.

Nimeishi naye miaka miwili sasa, tangu alipohamia huku. Mambo ya kiwandani mengine ananiambia mwenyewe tukiwa tunakula, mengine nayapata kwa Metrine, jirani yetu, ambaye kazi yake ni kufunga miche ya sabuni kwenye makatoni. Machache nimeyaona kwa macho.

Mchana Hajati hali ofisini. Anachukua sahani yake ya posho, ugali wa huku kwetu, na maharage, anakaa na wafanyakazi, leo benchi hili, kesho lile. Metrine anasema siku za mwanzo benchi zima lilikuwa likinyamaza kama kwenye mtihani. Siku hizi wanamtania kwamba anafuata benchi lenye maharage mazito. Yeye anawaambia ni kweli, na kwamba mtu akitaka kujua habari za kiwanda asisome ripoti, akae karibu na sufuria.

Zamu pia alizipanga upya. Jumapili Waislamu ndio wanaoshika mitambo, Wakristo waende kanisani. Ijumaa mchana Wakristo wanashika, Waislamu waende msikitini. Wasabato wana Jumamosi yao. Krismasi wanaingia akina Swaib, Idi wanaingia akina Timothy, na hakuna aliyelalamika kwamba ameonewa. Mkurugenzi alimuuliza mpango huo aliusomea wapi. Hajati akamjibu kwamba hakuusomea. Baba yake alikuwa akibadilishana zamu hivyo hivyo na jirani yao Mkristo, wakati viwanda vya Jinja vinafuka moshi, na bosi wao hakujua mpaka anastaafu.

Lakini si kwamba alizaliwa na akili hiyo ya kupumzisha watu. Zamani alikuwa kinyume chake. Alifanya kazi Jinja miaka kumi na moja, kwenye kiwanda cha mabati, na mwaka wowote ukimuuliza likizo alisema atakwenda mwakani. Alikuwa anajivunia. Akiona mtu amekaa kidogo, moyo wake unamwambia huyo ni mvivu. Mpaka asubuhi moja, mtaa wa Nalufenya, akapanda boda kwenda kazini kama siku zote. Mwenye boda akamuuliza, "Mama, twende wapi?" Hajati akafungua mdomo, jibu halikuja. Kazi alikuwa anaikumbuka, mafaili anayakumbuka, lakini mahali pa kwenda palikuwa pamefutika. Kijana wa watu akangoja, akaona machozi, akamshusha kwenye kivuli cha duka, akamnunulia maji, akakaa naye mpaka akili iliporudi. Hospitali walipima malaria, hakuna. Walipima presha, ipo kidogo. Daktari akamwambia huna ugonjwa, umejimaliza.

Tangu hapo ana maneno yake, na kuyasema haoni haya. Anasema mtu aliyechoka sana hasemi nimechoka, anasema wenzangu ni wavivu. Anasema kazi inayojulikana na mtu mmoja tu si kazi yake tena, ni jela yake. Magharibi ikiingia simu ya kazi anaizima na kuitia kabatini, na anayetaka kumpata kwa jambo la hatari anajua nyumba ilipo. Watu wachache wameshagonga mlango kwa hatari za kweli. Zile nyingine zote, anasema, asubuhi alizikuta zimepona zenyewe.

Sasa kosa lake ni hili.

Zamu ya kwanza ina msimamizi anayeitwa Yekosofati, Mmasaba wa huku juu mlimani Wanale, nyumba yake iko Namatala. Miaka kumi na minane anapika sabuni. Funguo za stoo ya kostiki, ile dawa kali inayochanganywa na mafuta, alikuwa akizibeba yeye peke yake kwenye mkanda. Kipimo chake hakikuwa cha karatasi, kilikuwa kichwani. Basi mwaka huu akaanza kubadilika. Akawa mkali. Akawa anafika kabla ya mlinzi kufungua, anaondoka giza likiingia. Hajati akiwa benchini akamsikia anasema vijana wa siku hizi wote ni wavivu, na kijiko kikasimama mkononi mwake. Wiki ile ile Yekosofati akatia kostiki mara mbili kwenye sufuria moja. Mwenyewe ndiye aliyegundua, akazuia sabuni yote isitoke, hakuna aliyeungua. Lakini alikaa chini kwenye sakafu ya kiwanda, mtu mzima, akashika kichwa.

Mkurugenzi alitaka barua ya onyo. Hajati akafungua faili, akaona mzee huyu hajachukua likizo miaka sita. Akakataa kuandika onyo, akaandika likizo: siku ishirini na moja, na mshahara kamili. Ijumaa alasiri akampa barua ile mbele ya wenzake wote, ili waone kwamba kiwanda kinamjali. Akachukua funguo za stoo kutoka kiunoni mwake, apumzike na uzito wake. Na kwa kuwa anawajua watu wa aina hiyo, jinsi yeye mwenyewe alivyokuwa, akapeleka jina getini: huyu asiruhusiwe kuingia hata akibembeleza.

Yekosofati akasema, "Asante, Hajati." Akapita akampa kila mtu mkono. Wanawake wa makatoni walilia, na Metrine ni mmojawapo. Hajati alirudi nyumbani na furaha, akaniambia hajapata kuona msimamizi anayependwa vile.

Siku kumi baadaye nilikuwa natoka sokoni nikapita karibu na stesheni ya zamani ya reli, pale treni zilipokuwa zinasimama. Yekosofati alikuwa amekaa kwenye ukingo wa jukwaa na kopo lake la chakula pembeni. Ilikuwa saa nne asubuhi. Sikujali. Kesho yake nilimwona tena, mahali pale pale, na kesho kutwa tena. Nikamwambia Hajati tulipokuwa tunakula. Akacheka, akasema likizo ni yake, akae anapopenda.

"Amevaa ovaroli," nikamwambia.

Akaacha kula.

Asubuhi hakwenda ofisini moja kwa moja, alisimama getini kwa Afande Apollo, mlinzi mkuu, aliyekuwa jeshini kabla ya kuja huku. Afande alikuwa na bahasha mkononi. Yekosofati alipita alfajiri, akaiacha, akasema apewe Hajati. Ndani ilikuwa barua fupi ya kuacha kazi kuanzia mwisho wa mwezi, imeandikwa kwa mkono mzuri wa shule za zamani. Hajati akamuuliza Afande kama yeye anaelewa jambo hili.

"Naelewa," Afande akasema. "Hapa wote wanaelewa. Ni wewe tu."

"Basi nieleze na mimi."

"Yule bosi aliyekuwa kabla yako, akitaka kumwondoa mtu, hakumwambia toka. Alimpa likizo. Anacheka naye, anampa barua, anachukua funguo, halafu jina linakuja kwangu getini. Mtu akirudi siku ya kurudi, mimi ndiye namwambia haingii. Nimewarudisha watu kumi na wanne pale uliposimama, Hajati. Mmoja alikuja na ovaroli mpya."

Hajati alikaa kwenye kiti cha mlinzi. Mafaili ya hao kumi na wanne alikuwa ameyasoma yote alipoingia kazini. Kila moja liliandikwa likizo, na chini yake, ameacha kazi. Alidhani walipata kazi kwingine. Alikuwa amesoma karatasi, hakuuliza geti. Na sasa alikuwa amefanya kila kitu sawasawa na yule mtu: tabasamu, barua, funguo, jina. Ndiyo maana wanawake walilia. Walikuwa wanazika.

Alirudi nyumbani saa hiyo hiyo, akaniambia nimwonyeshe stesheni. Lakini kwanza tukapita Namatala, maana alifikiri huenda mzee yuko kwake. Mkewe, Margret, alikuwa anaanika mahindi uani. Hajati akamsalimu, "Mulembe, Mama Khainza," naye akaitikia, akafuta mikono, akatukaribisha kwa furaha ya kupata mgeni mkubwa bila taarifa. Akaomba radhi kwamba mwenye nyumba hayupo, yuko kazini.

"Hukumwona huko, Hajati?" akauliza.

Hapo nikaangalia chini. Mama huyu alikuwa hajui lolote. Kila asubuhi alikuwa anamfungia mumewe chakula kwenye kopo, anamtazama anatoka.

"Kiwanda ni kikubwa, mama," Hajati akasema taratibu. "Na mimi nimetoka mapema."

Akasema alikuwa anapita tu, akaona si adabu kupita nyumba ya mwenzake bila salamu. Tukanywa chai. Margret akasema mumewe siku hizi halali, anageuka tu kitandani mpaka kuku waamke. Hajati akameza chai yake kama dawa.

Stesheni tulimkuta. Alipotuona alisimama haraka na kujipangusa vumbi, kama mtu aliyefumaniwa. Hajati akamwomba akae, na yeye akakaa hapo hapo kwenye saruji, na nguo yake nzuri. Mimi nilibaki nyuma hatua chache, lakini upepo ulikuwa unaleta maneno.

"Nimekuja kuomba msamaha, mzee wangu."

"Wa nini? Aliyeharibu sabuni ni mimi."

"Habari ya sabuni tuliimaliza siku ile ile. Hii barua yako, kwa nini?"

"Mtu kutoka kwa miguu yake ni bora kuliko kusukumwa getini na Apollo. Miaka kumi na minane, Hajati. Nilitaka niondoke kama mtu."

Akamweleza yote: kwamba hajui watoto wake atawaambia nini, kwamba kwa mkewe ameshindwa kusema, kwamba kukaa pale kutwa nzima kunamchosha kuliko sufuria kumi. Hajati hakumkata maneno. Alipomaliza akamwambia likizo ile ilikuwa likizo, hakuna kitu chini yake. Yekosofati akatikisa kichwa, si kwa ubishi, kwa huruma, kana kwamba Hajati ndiye mtoto.

"Nakuamini wewe," akasema. "Lakini watu hawaamini, na mimi naishi na watu. Ngoja nikuulize. Wewe hapa Mbale umekwenda likizo lini?"

Nilihesabu moyoni. Ukitoa siku za Idi, hakuna.

"Tunakuangalia," mzee akaendelea. "Simu unazima, ndiyo. Maneno yako ni mazuri. Lakini miaka miwili hujatoka. Ng'ombe wa mbele akisimama ukingoni, wa nyuma hawavuki, hata uwapige."

Nilidhani Hajati atakasirika. Akacheka, tena kicheko cha mtu aliyepata kitu alichokuwa anakitafuta. Akasema, "Umenipata." Kisha wakapatana. Yekosofati angerudi Jumatatu mbele ya macho ya wote, achukue funguo zake. Hajati angekwenda likizo ya wiki mbili kuanzia wiki ile ile, kwa barua ya namna ile ile, na jina lake lipelekwe getini kama majina ya wengine. Akirudi akaingia, mzee atakwenda zake likizo ya kweli, siku ishirini na moja kamili, kwa maana zile za stesheni Hajati alisema hazihesabu. Na asiporudi?

"Usiporudi," Yekosofati akasema, "barua yangu unayo."

Jioni ile mzee alimwambia Margret ukweli. Sijui walisemezana nini. Ninachojua ni kwamba Jumatatu mama huyo alimsindikiza mumewe mpaka getini, akangoja mpaka alipomwona anaingia.

Mkurugenzi ndiye aliyekuwa mgumu. Alisema mwezi huu kuna oda kubwa, na kwamba mkuu wa wafanyakazi hawezi kutoweka hivi hivi kwa sababu ya uvumi wa getini. Hajati ananiambia hakupandisha sauti.

"Nikienda wiki mbili ofisi ikaanguka," alimwambia, "basi miaka miwili hii sikuongoza kitu, nilikuwa nimeshikilia tu. Hapo unifukuze, utakuwa na haki."

Barua ikabandikwa kwenye ubao, kimo cha macho. Ofisi na simu akamwachia Siraj, msaidizi wake, kijana mpole ambaye alikuwa hajapata kuamua jambo kubwa kuliko glavu. Afande Apollo akaandika jina la Hajati kwenye orodha, akamuuliza mara mbili kama ana uhakika. Yekosofati naye akaambiwa asipitishe saa nane mchana, na kazi yake wiki hizo mbili iwe moja: kumfundisha Swaib, kijana wa zamu yake, kipimo cha kostiki mpaka kitoke kichwani kiingie kwenye karatasi.

Tukaenda Jinja, Walukuba, kwa bibi yangu Rahmah. Siwezi kusema Hajati alianza vizuri. Siku ya kwanza aliamka saa kumi na moja akafagia ua wa nyumba tatu. Siku ya pili akakaa anatazama mkono wake wa kulia, mahali simu ilipozoea kuwa. Siku ya tatu akaanza kuwapangia wajukuu zamu za kuteka maji, nani asubuhi, nani jioni, nani wa akiba. Bibi akamwita.

"Hajarah, umekuja kupumzika au umekuja kutuajiri?"

Siku ya sita, baada ya sala ya alfajiri, alijilaza kidogo, akaamka jua likiwa juu ya mabati. Bibi alituzuia tusimwamshe, hata redio ya jirani alikwenda kuizimisha. Kuanzia hapo uso wake ukaanza kulegea. Alikula. Alikaa kibarazani akisuka ukili na mama yake wakisema watu. Jioni moja akaniambia kwamba kumbe kupumzika ni kazi kama nyingine, ina siku za kujifunza, na mwanzoni unaharibu.

Huku Mbale, Metrine anasema, kiwanda kiligawanyika pande mbili. Wengine walisema atarudi. Wengine walisema hawezi kurudi, mbona mtu mrefu kutoka Kampala ameonekana anapima ofisi yake. Mtu yule alikuwa fundi wa mapazia. Wiki ya pili kukawa na ugomvi wa zamu, watu wawili walitaka Jumapili moja, na wote wakamtazama Siraj. Akaenda akala mchana nao kwenye benchi, akawasikiliza, akakata shauri. Halikuwa shauri zuri sana, lakini lilishika. Yekosofati hakuingia upande wowote. Kila asubuhi alipita ubaoni, akasoma ile barua kama mtu asomaye maelezo ya dawa, akaenda kumfundisha Swaib.

Tulirudi Jumapili. Jumatatu nilimsindikiza Hajati mpaka getini kwa sababu bibi alimpa ndoo ya kabalagala, vile vitumbua vya ndizi, kwa ajili ya wafanyakazi wake, na ilikuwa nzito. Saa moja kasorobo. Madirisha ya ukumbi wa makatoni yalikuwa na vichwa, kimoja juu ya kingine. Afande Apollo alikuwa amepiga pasi sare yake. Akamsimamisha Hajati kama asiyemjua, akamwomba kitambulisho. Akafungua orodha. Akaangalia jina, akaangalia tarehe, akaangalia jina tena. Alichukua muda wake wote, na Hajati alingoja wima, bila kutabasamu.

"Siku zako zimekwisha, Hajati," Afande akasema, akalikata jina kwa mstari mmoja. "Ingia kazini."

Kutoka madirishani ikatoka sauti ambayo siwezi kuiandika, kati ya kicheko na pumzi. Hajati akapita na ndoo yake.

Saa sita mchana Yekosofati alimpelekea Swaib funguo za stoo. Alizifungua mwenyewe kutoka kwenye mkanda, hakuna aliyezichukua, akazihesabu mkononi mwa kijana moja moja na jina la kila mlango. Kipimo cha kostiki kilikuwa kimebandikwa ukutani, kwa mkono wake mzuri. Kisha akaingia ofisini. Hajati akatoa ile barua ya kuacha kazi kutoka kwenye droo, akamsogezea aichane. Mzee akaikunja, akairudisha mezani.

"Iweke kwenye faili langu," akasema. "Atakayekuja baada yako asome, ajue watu hufika wapi."

Hajati akaiweka, na chini yake akaandika kwa kalamu yake mwenyewe jinsi jambo lilivyokuwa.

Kesho yake Yekosofati alipita getini asubuhi, suruali ya kitambaa, shati la kanisani, mkewe pembeni na mfuko wa mbegu za maharage. Walikuwa wanapanda mlima kwenda Wanale kwa mama yake. Hakulazimika kupita hapo, njia ya Wanale ni nyingine. Alitaka Afande amwandike vizuri. Afande alikuwa amechora safu mpya kwenye daftari lake, siku ya kutoka na siku ya kurudi, akamuuliza anarudi lini.

Yekosofati akamtajia tarehe, akasimama pale pale mpaka alipoiona imeandikwa.